Udi wa Bei ya Wanyonge

Mize wa Ndagoni alikuwa akipika udi wa sukari tangu ujanani, na harusi za kijijini zilifukizwa udi wake. Wageni wa hoteli walipoanza kuununua, akaupandisha hadi elfu tano kopo. Kisha akawaonea huruma wenzake. Akajaza makopo mengine kwa udi uleule wa sufuria ileile, akayapanga rafu ya chini kwa elfu mbili, na juu yake akabandika karatasi: "Bei ya wanyonge." Moyo wake ulikuwa mweupe kabisa. Akili ndiyo iliyokwenda matembezi.

Wiki ya kwanza wanawake walipitia mlango wa uani, wakaficha kopo ndani ya kanga kama walioiba. Wiki ya pili hawakuja. Wengine walisema ule wa chini unanuka moshi. Mize alisuswa na watu wake mwenyewe, na roho ilimuuma. Wageni wa hoteli huja na kuondoka; nani sasa angemwita kwenye shughuli?

Akaja Zuena, shoga yake, aliyekuwa akimwoza binti Ijumaa ile. Akanyoosha mkono rafu ya juu, akaweka elfu tano mezani.

"Shoga, si ulisema hela ya godoro la bi harusi haijatimia? Chukua wa chini."

"Mwanangu si mnyonge," alisema Zuena bila kumtazama. "Watu watauliza nimenunua upi."

Uso wa Mize ukawaka moto. "Ni udi mmoja, Zuena. Sufuria moja, wallahi."

Zuena akafungua kopo la juu, akanusa. Akafungua la chini, akanusa tena.

"Yaani udi mmoja, halafu mimi ukanibandika jina?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Ungenitajia bei, basi. Unyonge wangu naujua mwenyewe."

Mize alichana karatasi, akayaweka makopo yote rafu moja, elfu tatu kwa kila mtu. Asiye nayo atapimiwa kwa kijiko. Na wageni wa hoteli je? Nao elfu tatu hiyohiyo, wafurahi wenyewe.

Zuena akaichukua tena noti yake, akaegemea meza kwa raha zake. "Elfu tatu nyingi. Mbili na nusu."

"Zuena!"

"Mbili na nusu, na ubani wa nyongeza."

Mize akashusha pumzi. Alibisha, akaapa kwamba anakula hasara, huku machozi ya furaha yakimtoka bila aibu. Mwishowe akafunga kopo na ubani wake.

"Alhamisi nije?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Alhamisi ya nini? Njoo Jumatano, nazi za kukuna ni nyingi."