Mtu wa Nyuma kwenye Picha

Aibu ndogo ndogo Wembe alikwishazizoea. Mwanamume wa miaka arobaini na mbili akienda kukaa dawati moja na vijana wanaoweza kuwa wanawe, lazima achekwe kidogo, na kinyozi huyu, ambaye mtaa mzima ulimwita Wembe, alichekwa sana. Wiki ya kwanza ya darasa la upigaji picha alipiga picha ishirini bila kuondoa kifuniko cha lenzi. Wiki ya pili aliiweka shata, kile kipazia cha kamera, ifunge polepole mno, na mama aliyekuwa akifagia ukumbi akaonekana pichani na mikono sita.

"Mzee, huyo ni mtu au pweza?" kijana mmoja aliuliza.

Darasa likaangua kicheko. Wembe naye akacheka, maana usipocheka na wanaokucheka wanakuongezea, lakini masikio yalimwaka hadi jioni.

Asije mtu akadhani alikuwa mjinga. Mpe kichwa chochote na mkasi, akurudishie bwana harusi. Kilichomshinda ni namba. Tundu la lenzi, kwa mfano: namba ikiwa ndogo, tundu linakuwa kubwa. Nani aliyepanga mambo hayo, na alikuwa na ugomvi gani na watu? Mwalimu wake, binti mkali mwenye sauti ndogo, alimweleza mara nne. Ukilifungua tundu sana, ulichokilenga kinatoka safi na cha nyuma yake kinayeyuka. Ukilibana, vyote vinaonekana.

"Na anayeamua ni wewe, si kamera," mwalimu alisema. "Kila kilichomo kwenye picha kiwe na sababu. Kisicho na sababu, kitoe."

Maneno hayo Wembe aliyameza mazima mazima, bila kutafuna.

Zoezi la mwisho lilikuwa kumpiga picha mtu akiwa kazini. Alimchagua mkewe, fundi cherehani, aliyeshonea barazani. Hatua tatu nyuma ya cherehani, baraza hilo hilo, ndipo alipokaa kaka yake Wembe, fundi viatu. Kaka huyu ndiye aliyemlea. Wazazi walipofariki aliacha shule akiwa darasa la sita, akashika sindano na gundi ili mdogo wake asome. Jambo hilo hakuwahi kulitaja hata siku moja. Angelitaja mara moja moja, pengine lingepungua uzito.

Siku ya picha kaka alitokea amenyoa ndevu, shati limepigwa pasi, vifungo vyote hadi shingoni. Hakuna aliyemwambia ajiandae. Alikaa kwenye kigoda chake, akashika kiatu mkononi, akakaza shingo akiitazama kamera.

Wembe alimwona. Alimwona vizuri kabisa, akawaza: huyu ataniharibia picha. Kumwomba asogee hakuweza, angeanzia wapi? Badala yake akalifungua tundu lote, hadi namba moja nukta nane, akavilenga vidole vya mkewe. Kwenye kioo cha kamera kaka akageuka doa la kahawia. Wembe akashusha pumzi. Alijiambia kwamba mambo yamekwisha na hakuna aliyeumia.

Jumamosi iliyofuata, asubuhi, picha zilitundikwa kwenye ukuta wa darasa, na kila mwanafunzi aliruhusiwa kualika mtu mmoja. Wembe alimwalika mkewe. Kaka hakualikwa. Alijidanganya kwamba kaka ana kazi nyingi, lakini tuseme kweli: aliionea haya ile mikono yenye gundi katikati ya vijana wale.

Zamu yake ilipofika mkewe alikuwa bado hajatokea. Wembe alisimama akazitaja namba zake zote bila kukosea hata moja. Mwalimu akaligusa lile doa kwa ncha ya kalamu.

"Na huyu wa nyuma?"

"Huyo hana sababu kwenye picha, Mwalimu. Nimemfuta makusudi."

Mwalimu alitabasamu, na halikuwa jambo la kila siku. Darasa zima likapiga makofi, yule kijana wa pweza akiwapita wote. Wembe alijiona amefika.

Makofi yalikuwa yametulia mlango ulipofunguliwa. Aliyeingia ni kaka, na lile shati lake.

"Shemeji ana sare za watu za kumaliza," alimnong'oneza mdogo wake. "Kanituma mimi. Sijachelewa sana?"

Aliisogelea picha, mikono ameifunga nyuma asije akaichafua, akaiangalia kwa muda mrefu.

"Huyu hapa si ni mimi?"

"Ni wewe, kaka."

"Mbona nimetoka hivi?"

Ukweli ulimfikia Wembe mdomoni kabisa, akaumeza.

"Labda ulitikisika kidogo."

Uso wa kaka ulinywea. Wembe alidhani yameishia hapo, atajua namna ya kumfariji njiani. Lakini kaka alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya mwalimu, akavua kofia.

"Mwalimu, samahani. Usimpunguzie alama huyu mdogo wangu, kosa si lake. Mimi ndiye niliyetikisika. Nilijikaza sana, lakini mikono yangu hii imezoea kugonga, haijui kutulia. Akipewa nafasi arudie, safari hii nitajitahidi."

Mwalimu aliweka kalamu chini. Alimtazama Wembe. Darasa zima lilimtazama Wembe, na safari hii hakuna aliyecheka, hata yule kijana. Wembe alitamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka, kwa hiyo ilibidi aseme.

"Hukutikisika, kaka." Wembe aliionyesha picha kwa kidole. "Ulitulia tuli. Mimi ndiye niliyekufuta, kwa makusudi. Niliona utaniharibia picha. Na hawa wamenipigia makofi."

Kaka aligeuka, akaiangalia tena ile picha kutoka pale mezani.

"Kwa hiyo sikukuharibia?"

"Hukuniharibia."

"Basi, afadhali," kaka alisema, akavaa kofia yake. "Nilishaingiwa na hofu."

Akamwendea mdogo wake, akampa mkono wa pongezi mbele ya watu wote. Wembe aliupokea kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa. Laiti kaka angempiga kofi badala yake.