Maji Yanayofika Kiunoni

Kwa zaidi ya miaka thelathini kazi yangu kanisani imekuwa kutafuta maji. Kanisa letu linabatiza kwa kuzamisha, na mchungaji anayehudumia makanisa mengi hana muda wa kuzunguka mitoni. Anapiga simu, anataja siku, na mimi mzee wa kanisa natangulia na fimbo yangu. Nataka maji yaliyotulia, yanayofika kiunoni, chini pawe mchanga na si tope, na wenyeji wanihakikishie kwamba hakuna mamba. Sijawahi kukosa. Ndiyo maana binti yangu aliponiambia anatafuta maji, nilimshukuru Mungu kimoyomoyo. Ameniomba kitu ninachokijua.

Alikuja Jumatano, mwezi wa saba, akiwa na likizo ya siku kumi kutoka kazini kwake Dar es Salaam. Nyuma ya gari alikuwa na furushi kama godoro lililokunjwa. Ilikuwa kayaki ya mpira, mtumbwi wa kujaza upepo, wa watu wawili. Alisema huko mjini anapiga kasia kila Jumapili asubuhi. Nilisikia hiyo Jumapili, nikaiacha ipite. Kanisani aliacha kwenda zamani, na tangu tumzike mama yake hakuwahi kulala hapa Kilosa zaidi ya usiku mmoja.

"Baba, nisikufiche," alisema tukinywa chai. "Wenzangu wako Ziwa Nyasa wananisubiri. Nikipata maji ya maana huku, nakaa na wewe likizo nzima. Nikikosa mpaka Jumamosi, Jumapili naondoka."

"Maji hayakosekani, mama," nilimjibu. Nilizitaka siku zile kumi zote.

Saa ile ile niliwapigia simu wazee wenzangu wa Masanze, Kisanga na Msowero. Niliwaambia maneno yangu ya siku zote: natafuta maji yaliyotulia, yanayofika kiunoni. Habari ya kayaki sikuigusa. Niliona itanichukua muda mrefu kuieleza kwenye simu.

Alhamisi nilimpeleka Mkondoa, kwenye kona ya mto ambako tumezamisha watu wengi hata idadi siikumbuki. Mto ulikuwa umehama. Mafuriko ya masika yalikuwa yamejaza mchanga, na mbuzi wawili walisimama katikati ya mkondo, maji hayajawafika magotini.

"Ndiyo hapa, Baba?"

"Ndiyo hapa palipokuwa."

Alicheka, nami nikacheka. Bado nilikuwa na Kisanga.

Ijumaa tulikwenda Kisanga. Pale kuna kijito kinachoshuka milimani na kutulia chini ya mwamba. Maji yake ni safi, unaona changarawe chini, na nilikuwa na hakika kabisa. Binti yangu alijaza upepo kwa pampu ya mguu, akavaa jaketi lake la kuelea, akakaa, akapiga kasia mara nne. Pua ya kayaki ikagonga ng'ambo. Akageuka, akapiga nne nyingine, akagonga miguuni pangu.

"Ni pazuri kwa kuzama, Baba," alisema. "Mimi nataka kuelea."

Sikuwahi kufikiria tofauti hiyo. Miaka yote nimepima kina tu. Urefu wa maji haukuwahi kunihusu, kwa sababu anayebatizwa anaingia na kutoka palepale.

Tulipofika Mikumi kula chakula cha mchana, akaniuliza kuhusu bwawa la viboko la hifadhini. Nilimwambia lile lina wenyewe, na wenyewe wana meno. Akauliza kuhusu Ruaha, kule Kidodi. Nikamwambia mawe, maji ya kasi, na mamba juu yake. Akatoa simu, akawa anatazama picha za wenzake ziwani. Nilisali palepale mezani, macho wazi, wali ukiwa mbele yangu. Niliomba maji yanayofika mbali. Sikuomba kingine.

Jumamosi alfajiri mzee wa Msowero alipiga simu. Kuna lambo, alisema, lililochimbwa kwa ajili ya mifugo, nalo mwaka huu limejaa vizuri. Tukaenda. Tulimkuta mfugaji wa makamo amesimama ukingoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tunatafuta maji."

"Ya ng'ombe au ya watu?"

"Ya kuelea," binti yangu akadakia.

Yule mfugaji alimtazama, akatazama furushi. "Mamba hakuna. Ndama wangu wanakunywa hapa kila siku, na sijapoteza hata mmoja. Ila ng'ombe wakija saa nne, nyie mtoke. Lambo ni lao."

Lambo lilikuwa refu, linapinda kushoto mpaka mwisho wake huuoni. Binti yangu alisimama akaliangalia kwa muda, kisha akaanza kupiga pampu haraka haraka. Nikajua nimeshinda.

Hapo ndipo tuliposikia nyimbo. Wanawake kama kumi walikuwa wanateremka kutoka upande wa kijiji, wakiimba wimbo wetu wa ubatizo, na mbele yao mama mzee amevaa kanzu nyeupe. Nilimfahamu. Ni mama wa yule mfugaji, mwanafunzi wangu wa darasa la ubatizo kwa miaka miwili, ambaye kila siku ya kuzamishwa ilipofika alisema magoti yanamuuma. Mwanawe anashika mila za wazee wao, lakini hakumzuia mama yake.

Binti yangu aliacha pampu.

"Baba, umenileta kwenye ubatizo?"

"Hapana."

"Hawa wamejuaje kama tuko hapa?"

Akainama, akafungua kizibo, upepo ukaanza kutoka kwa sauti. "Ungeniambia tu," alisema. "Ungesema, mwanangu, nataka urudi kanisani. Siyo kunizungusha siku tatu."

Upepo ulikuwa ukitoka na siku zangu zikitoka nao. Niliinua mkono, wanawake wakanyamaza. Nilisema mbele ya wote kwamba kosa ni langu. Mchungaji hayupo, ubatizo leo haupo. Niliwaomba wazee wenzangu maji kwa maneno yaleyale ya siku zote, wakaelewa kama wanavyoelewa siku zote, na nililokuwa nalitafuta ni mahali pa binti yangu kuendeshea mtumbwi wake. Nikamgeukia yeye. "Nisamehe, mama. Nilitaka ukae, basi. Sikuwa na hila."

Wakatazamana. Kisha mama wa kanzu nyeupe akaanza kucheka, akacheka mpaka akamshika jirani yake.

"Mwalimu, nimeoga tangu saa kumi!" alisema. "Na leo wala sikulala kwa woga. Haya, maji si yapo? Na hicho kidude ni nini?"

"Kayaki," binti yangu akasema.

"Kinabeba mtu mzima?"

"Kinabeba wawili."

"Basi nipandishe. Nimevaa nguo nzuri, siwezi kurudi nayo kavu hivi."

"Mama!" mwanawe akapiga kelele. "Hujui kuogelea!"

"Na wewe unajua?"

Wanawake wakaangua kicheko. Binti yangu alirudisha kizibo, akajaza upepo upya, akavua jaketi lake akamfunga yule mama. Mimi na mwanawe tulimshika mikono mpaka akakaa. Wakaondoka taratibu, wakapinda kushoto, hatukuwaona tena. Mfugaji alitembea ukingoni huku na huku. Mimi nilisimama. Walichozungumza huko sikukisikia, na sijauliza mpaka leo.

Waliporudi, mama alikuwa amelowa mpaka mapajani, mkono mmoja ameuzamisha majini.

"Mwalimu," alisema, "miaka miwili nakusingizia magoti. Hayakuwa magoti. Nilikuwa nayaogopa maji. Mwambie mchungaji aje."

Binti yangu alikuwa anafuta kasia kwa khanga aliyopewa na mmoja wa wanawake. Ng'ombe walikuwa wameanza kuonekana kwa mbali, vumbi limewatangulia. Akamwendea yule mfugaji.

"Kaka, naweza kuuacha mtumbwi kwenu, na upepo wake?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka Ijumaa ijayo."

Mfugaji akaupapasa ule mpira kwa kiganja. "Uache. Ila ndama wakiutafuna, usinilaumu."

Waliubeba wawili, mmoja mbele, mmoja nyuma, kuelekea bomani. Nikawafuata nimeshika pampu.