Vileja vya mwisho vya Mama Balqis

Ta! Ta! Ta! Kunaanza kupambazuka Ghala, mtaa wa Maskati, na Khalil anagonga kibao cha mti, kalibu ya vileja, ukingoni mwa meza ya tanuri anakofanya kazi. Kila pigo linadondosha maamul moja: kileja cha Kilebanoni, tende tumboni, maua mgongoni. Idi iko mlangoni, tanuri halipumziki.

Nusu ya mji itakula kazi ya mkono wake. Mwenyewe hali.

"Naonja unga tu," anasema. Kiswahili chake ni cha Unguja hasa. Alikiokota jikoni kwa wakwe zake, maana mkewe, Hamdiya, ni wa ukoo uliotoka Zanzibar.

Khalil alikuja Oman kijana, akitokea kijiji cha kusini mwa Lebanoni. Kila kiangazi alirudi kwao na familia, japo tiketi za watu wanne humeza mishahara ya miezi miwili. Mama yake, Balqis, alioka maamul za Idi, akamwekea fungu lake kwenye friza. Ole wake atakayeligusa kabla Khalil hajafika!

Kiangazi kimoja vita vilifunga njia. Fungu likangoja. Mama hakungoja.

Baada ya maziko, dada yake Khalil, Manal, alimpa msafiri fungu lile alilete Maskati. Khalil akaliweka kwenye friza ya nyumbani, asimwambie mtu.

"Nilitaka nile moja kila Idi. Moja tu, nijione nimekwenda."

Sasa Idi mosi kwa Hamdiya huwa hakuna pa kuweka mguu. Mwaka jana sinia zilipokauka, akafungua friza, akawaandalia wageni fungu lile. Mume kazi yake kuoka maamul. Mke angedhani nini?

"Nlidhani kazileta kutoka kazini," Hamdiya anasema, mtandio machoni. "Wallahi, Khalil, ungenambia!"

Khalil alirudi kutoka kwa jirani akakuta makombo, na shemeji yake, Marhoon, akijilamba vidole.

"Ee bwana, leo umeoka! Kumbe siku zote watulisha vumbi?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Khalil naye akacheka, kisha akajifungia bafuni, akaacha bomba likimwaga maji mpaka wageni wakaanza kumuulizia.

Manal anataka kumpelekea kibao cha mama, ambacho bado kimetundikwa jikoni kule. Khalil amekataa. Kiangazi hiki, njia ikiwa wazi, anataka kumpeleka binti yake, Reem, akakigonge kwenye meza ileile ya bibi yake, japo nyumba imebaki na nusu ya paa.

"Kibao kikija huku," anasema, akichota unga mwingine, "mie kule ntafuata nini?"