Kuangalia Chini

Tangu kaka yangu azame kwenye timbo la mawe lililoachwa likajaa maji ya mvua, upande wa Riruta, mama haachi maji wazi nyumbani. Mtungi una kifuniko, ndoo ina sinia juu, na beseni la kufulia hulipindua kabla povu halijakauka. Tunaishi chumba kimoja Kawangware, kwa hivyo nilipotaka kujifunza kupumua majini nilisubiri aende sokoni, nikazamisha uso ndani ya beseni. Nilifumba macho.

Nilitaka kitu kimoja tu, kuingia majini upande huu na kutokea upande ule. Mtindo wa kuogelea wa fristaili nilikuwa nimeuelewa kabla sijalowa. Nimehitimu, sina kazi, na jambo likinishika silali. Nilijua mwili ulale bapa, kiwiko kitangulie kuinuka, mkono uingie mbele ya bega, pumzi ivutwe kando. Nilijua ukiinua kichwa, nyonga hushuka na miguu huzifuata. Kujua hakukunisaidia. Kila Jumamosi, kwenye bwawa la kuogelea la ng'ambo ya Kibera, niliinua kichwa, miguu ikashuka, nami nikahisi kuna anayeivuta.

Kocha, kijana wa Kibera niliyemzidi umri, alizoea kusema naogelea kama ng'ombe anayevuka mto. Siku moja hakutania. Alichuchumaa ukingoni.

"Buda, kwani unatafuta nani huko mbele? Cheki chini."

Mbele sikutafuta mtu. Nilikuwa namkwepa wa chini. Waliomtoa kaka walisema walimkuta kifudifudi, shingo imelegea, mkono mmoja umenyooka mbele ya bega. Ndio mkao ambao kocha alikuwa akinidai kila wiki.

Nilisukuma ukuta, nikalegeza shingo, nikafumbua macho. Juu ya vigae vya buluu kulikuwa na kivuli cha mtu kifudifudi, mkono mbele. Nilitaka kupiga kelele. Kisha kivuli kikavuta mkono, kikaegemea ubavu, kikanyoosha wa pili. Sikukiondolea macho, nikiogopa kisije kikatulia. Nilivuta tena, na tena, hadi vidole vikagonga ukuta wa pili.

Jioni mama aligusa nywele zangu, zilikuwa bado mbichi. Hakufoka. Alikaa kitandani, akaniuliza kama huko chini panaonekana.

Nikamwambia panaonekana.

"Yeye hangeona kitu," alisema. "Yale ya timbo yalikuwa tope."

Akainuka, akafunika ndoo.