Sikio la Ata

Juzi, kwenye duka la dawa za mifugo hapa Lodwar, mama mmoja alimtoa kifaranga kwenye katoni, akamweka sikioni na kufumba macho. Nikamkumbuka nyanya yangu wa Kakuma, tunayemwita Ata.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto kwake, upepo ulijaa vumbi, na nyumba ilinuka makaa na manyoya. Vifaranga wa Ata walikuwa wameanza kupiga chafya, naye aliogopa wataisha wote. Aliwachukua mmoja mmoja, akawasikiliza. Waliokoroma akawatenga kwenye karai, mbali na moshi. Mimi niliamini wanamnong'oneza habari, na wale wa karai ndio wenye habari ndefu.

"Wanasema nini, Ata?"

"Kifua kinawabana."

"Hebu unisikilize na mimi."

Hakucheka. Alinivuta, akaweka sikio kifuani pangu, ushanga wake ukanikwaruza shingo. Alikaa hapo muda mrefu kuliko alivyokaa kwa kifaranga yeyote.

"Wewe uko sawa," akasema.

Sasa najua alikuwa akitafuta mkoromo wa ugonjwa. Lakini jioni ya juzi nilimpigia Ata simu, na alipokohoa katikati ya salamu, nilifumba macho nikasikiliza.