Nukta Hazitoshi

Mume wangu alikuwa akikusanya samaki visiwani kwa boti ya kiwanda cha minofu. Boti ilipinduka kwenye dhoruba. Wenzake walipatikana, yeye hakupatikana. Baada ya matanga nilirudi kazini, kwa kuwa sikujua mahali pengine pa kwenda. Sikuwa jasiri kama watu walivyosema. Nilikuwa nimekufa ganzi.

Nilikuwa mpangaji wa kurasa katika jarida dogo pale Mwanza. Miaka ile, biashara ilipofunguliwa, magazeti yaliota kama uyoga, na mengi yalinyauka vilevile. Letu lilikuwa na ukurasa mmoja wa tanzia. Mama mkwe wangu, aliyekuwa akiishi Kisesa, alitaka uso wa mwanawe uwekwe pale, aukate na kuutundika ukutani. Kaburi hatukuwa nalo, na picha za ujana wake zililiwa na mchwa. Kitambulisho kilikuwa mfukoni mwake.

Ilibaki picha moja. Mzungu mmoja, mnunuzi wa minofu, aliwahi kuja kiwandani na kamera ya kidijitali, ya kwanza wengi wetu kuiona. Ofisi ya kiwanda ikaninakilia picha hiyo kwenye disketi. Nilipoifungua ilijaza kioo chote cha kompyuta. Sangara mkubwa ananing'inia kwenye ndoano, na pembeni yake mume wangu anacheka, kofia imekaa upande. Sikuhisi kitu. Niliwaza tu kwamba imepatikana kubwa, hatutahangaika.

Fundi wetu wa chapa akatikisa kichwa.

"Dada, hii haitoshi."

"Haitoshi vipi? Si unaiona ilivyo kubwa?"

"Kioo kinaridhika na nukta chache. Karatasi ni mlafi, inataka nukta mia tatu kila inchi. Hii nikiichapa vizuri inakuja inchi mbili, na samaki ndani yake. Shemeji mwenyewe anabaki kama punje ya harage."

Nikamwambia aukate uso peke yake, aukuze ufikie ukubwa wa kiberiti. Akaukuza. Uso ukavunjika kuwa vigae, jicho moja kigae cheusi, jingine kigae cha kijivu. Mzungu alikuwa akimpiga picha samaki, bwana, na nukta nzuri zote alizimaliza kwa samaki. Kila gamba lilionekana. Nilimchukia yule sangara, na hilo ndilo jambo pekee nililohisi mwezi ule.

"Kompyuta inaweza kuongeza nukta," fundi alisema polepole. "Uso utalainika. Ila zitakuwa za kubuni."

"Za kubuni maana yake nini?"

"Inakisia. Inatazama nukta jirani, nyeusi na nyeupe, katikati inaweka ya kijivu."

Nikakataa. Mume wa kukisiwa na mashine sikumtaka. Nikamwambia achape vigae hivyohivyo, maana angalau vilikuwa vyake.

Jarida lilipotoka nililipeleka Kisesa. Mama mkwe alikuwa ametandika mkeka kivulini mwa nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umemleta?"

Nikamfungulia ukurasa. Akausogeza karibu na macho, akausogeza mbali, akaurudisha tena karibu.

"Huyu hajaoshwa vizuri," akasema. "Rudini studio waioshe tena."

Kwetu picha huoshwa. Unapeleka filamu, unaambiwa njoo kesho, bado inaoshwa, na ikitoka na madoa ni kosa la muoshaji. Nikakaa chini nikamweleza kwamba kamera ile haina filamu, haina dawa wala beseni, picha inatoka moja kwa moja kwenye mashine. Nilieleza vizuri, kwa sauti ya kazini.

Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu hatukumpata tukamwosha," akasema. "Na picha yake nayo haioshwi?"

Akachovya ncha ya kanga kwenye kikombe chake cha maji, akaanza kuupangusa ule uso, paji kwanza, halafu macho, taratibu, akishuka kidevuni. Karatasi ikaanza kulegea na kuchanika. Sikumzuia. Nilimshikia kikombe.