Tangazo la kitabu cha Mwalimu Byamungu

Miezi minne vitabu mia mbili vilikuwa vimelala chini ya kitanda cha Mwalimu Byamungu, pale Kingi, na miezi minne Byamungu mwenyewe hakutulia. Akiketi, anasimama. Akisimama, anakwenda kuinua shuka, kuangalia kama unyevu haujaingia kwenye makartoni. Ng'ombe aliyeuzwa kulipia uchapaji kule Goma alishasahauliwa na kijiji kizima, isipokuwa Gentille, mke wa Byamungu.

"Uzisha basi," Gentille alimwambia. "Ao andika ingine, ya kutufundisha namna ya kukula karatasi."

Alijaribu, maskini. Padri alimruhusu aseme maneno mawili baada ya misa. Watu walipiga makofi, wakampa mkono, wakaenda zao. Vitabu vinne tu viliondoka, na kimoja alikichukua katekista, ambaye mpaka leo anasema atalipa. Ndipo Byamungu akaamua kulipia tangazo kwenye redio. Gentille akashika kiuno.

"Unalipa redio ipige kelele? Kama kitabu iko muzuri, si watu wataambiana?"

"Wataambiana namna gani, na hawajue kama iko?"

Gentille akarudi kwenye chungu chake. Lakini tuseme ukweli wote: Byamungu alitaka dunia nzima isikie habari za kitabu chake, isipokuwa mtu mmoja. Dada yake mkubwa, Adelaïde, alikuwa analima maharage kule Karuba, na sura ya sita ilimhusu yeye. Ilisimulia siku waliyokimbia vita, Byamungu akiwa na miaka mitano, na namna Adelaïde alivyomwacha mama yao nyumbani na mguu uliovunjika, wasimwone tena. Kwa miaka thelathini jambo hilo lilikuwa limemkaa Byamungu kooni. Hakuwahi kumuuliza dada yake neno. Alimwandika tu. Na alijipa moyo: Adelaïde hana redio.

Sasa, kuandika tangazo. Nani kwetu amewahi kusikia tangazo la kitabu? Redio yetu inatangaza wafu, ng'ombe waliopotea na kadi zilizookotwa njiani. Byamungu alifuata mtindo aliouzoea masikioni, akaandika karatasi yake vizuri, kwa mwandiko wa ubao.

Jumamosi, saa moja asubuhi, mtangazaji akaisoma kwa sauti ile ile ya siku zote, nzito: "Familia ya Mwalimu Byamungu wa Kingi inawatangazia ndugu, jamaa na marafiki wote, walio Karuba, Mushaki, Sake mpaka Hombo..."

Hapo hapo! Nani alingoja mwisho? Vilio vilikuwa vimeshapanda mlima.

Saa tatu wa kwanza wakafika, wanawake wenye mikono kichwani, na maharage, na kuni za matanga. Byamungu alikuwa uani ananyoa ndevu. Mama aliyetangulia alipomwona aliangusha kapu.

"Yesu! Iko muzima!"

Oho, hasira iliyowaka! Mzee Kabera, baba yake mdogo, alikuwa ameacha viazi nusu shimoni nusu juu. "Nimetembea mulima tatu juu yako," akafoka. "Kufa basi, tusirudi bure!" Watu wakaangua kicheko, na kicheko kikawaokoa wote. Maharage yakatiwa motoni, maana hakuna anayebeba maharage ya matanga kuyarudisha nyumbani. Na Kabera akasema kwa kuwa machozi yameshatoka, marehemu awasomee hicho kitabu kilichomuua.

Byamungu akasoma sura ya mkaguzi wa shule aliyefukuzwa na nguruwe. Watu wakajishika mbavu. Mmoja akauliza bei, halafu mwingine. Moyo wa Byamungu ukaanza kucheza: pesa ya redio haikupotea!

Pikipiki ikasimama mbele ya nyumba. Adelaïde akashuka, miguu mitupu, kitambaa cha msiba kichwani. Jirani ndiye aliyemletea habari. Alimwendea mdogo wake, akampapasa uso, paji, mashavu, kidevu chenye sabuni iliyokauka. Kisha akampiga kofi begani.

"Mujinga," akasema, na machozi yanamtoka. Akaketi, akachukua kitabu kimoja.

Adelaïde anasoma polepole, kwa kidole, midomo ikicheza. Byamungu aliendelea kusoma huku jicho likiwa kwenye kidole kile. Alirudia mstari, akaruka mwingine, akapoteza ukurasa. Alisimama, akaketi, akaomba maji. Kidole kikasimama.

"Hapa kuko jina yangu," Adelaïde akasema. "Somea watu."

"Dada, ile iko murefu..."

"Soma."

Akasoma. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Dada yangu aliondoka bila kugeuka. Mimi niligeuka. Nilimwona mama mlangoni, ameketi, mguu ameunyoosha, anakuwa mdogo, mdogo zaidi, mpaka kilima kikamficha."

Macho yote yalimgeukia Adelaïde, na Byamungu alijichukia kuliko alivyowahi kujichukia maishani. Afadhali dada yake angepiga kelele. Hakupiga. Aliuliza tu.

"Ulikuwa wapi, wakati uliona ile yote?"

"Njiani. Tulikuwa tunakimbia."

"Weye ulikimbia? Ulikuwa na homa, hata kusimama ulishindwa. Kumbuka muzuri. Ulikuwa juu ya nini?"

Byamungu alifungua mdomo. Kitenge kilichokaza mbavu. Harufu ya moshi na jasho. Shavu lake juu ya mfupa unaopanda na kushuka.

"Juu ya mugongo yako," akasema.

"Mama mwenyewe njo alikufunga pale, na mikono yake. Alisema mugongo iko moja, nikupeleke. Akasema nisigeuke, sababu nikigeuka nitarudi."

Kabera alivua kofia. Gentille akaenda kukoroga maharage ambayo hayakuhitaji kukorogwa.

Jumatatu watu walimiminika na pesa mkononi, kutoka Mushaki, kutoka Sake, wanatafuta kitabu cha mwalimu aliyeliliwa akiwa hai. Gentille alikuwa ameshatoa kartoni nje, anacheka peke yake. Byamungu akaichukua mikononi mwake, akairudisha chini ya kitanda.

"Hatuuzi."

"Umepata wazimu? Redio imefanya kazi yake!"

"Imefanya. Mimi njo sikufanya yangu."

Alitia daftari jipya mfukoni na kupanda pikipiki ya kwanza iliyopita, mpaka Karuba. Adelaïde alikuwa shambani, anapalilia. Alimwona, hakuacha jembe. Byamungu akaketi kwenye tuta, akafungua daftari, na kwa mara ya kwanza tangu vitabu vile viletwe, hakusimama tena.

"Dada," akasema, "mama alisema nini ingine?"